Maradhi ya Korona: Waliyoyajua Watu na Waliyoyatenda

Wako watu wasemao kwamba maradhi ya Korona yalipoingia Kenya katika mwaka 2020 yaliwakuta wananchi hawajui neno, na kwamba kama wangalifundishwa mapema mambo yangalikwenda vizuri zaidi. Usemi huu huwapendeza wale ambao kazi yao ni kufundisha, walakini haupatani na habari zilizokusanywa wakati ule ule.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa na Waziri wa Afya, Bw. Mutahi Kagwe, tarehe 13 Machi, 2020. Alikuwa Mkenya aliyerudi nyumbani kutoka Marekani kwa njia ya London. Siku 17 baadaye, yaani tarehe 30 na 31 Machi, watafiti waliwapigia simu watu 2,009 wanaokaa katika mitaa mitano ya Nairobi ambayo nyumba zake zimesongamana: Kibera, Mathare, Kariobangi, Dandora na Huruma. Waliwauliza wanajua nini juu ya ugonjwa huu, wanauonaje, na wanafanya nini ili kujikinga. Majibu yalimshangaza kila aliyetazamia kukuta ujinga. Wengi sana walijua kuwa homa na kikohozi ni dalili zake. Watu 83 katika kila 100 walijua kuwa mtu ye yote aweza kuambukizwa. Habari ya kunawa mikono ilikuwa imeenea. Mambo hayo waliyapata zaidi katika televisheni na katika ujumbe mfupi wa simu uliotumwa na Serikali, nao waliuamini.

Mapungufu yalikuwako. Watu 42 tu katika 100 walitaja shida ya kupumua, ambayo ndiyo dalili ya kumkimbiza mgonjwa hospitali. Watu 20 katika 100 walidhani kuwa watoto ni miongoni mwa wale walio katika hatari kubwa, kumbe hatari kubwa ilikuwa ya wazee na wale wenye maradhi mengine mwilini. Hata hivyo, kwa elimu ya wiki mbili na nusu tu, hayo si haba. Yako maradhi yaliyokaa nchini miaka mingi ambayo watu hawayajui kwa kadiri hiyo.

Shida ilionekana walipoulizwa juu ya matendo. Watu 37 katika 100 walitaja kukosa maji yao wenyewe. Watu 53 walisema kwamba kitakasa mikono ni ghali mno. Watu 61 walisema kuwa kukaa mbali na wenzao kutawapotezea riziki. Watu hawa walijua lililowapasa kufanya, ila hawakuwa na njia ya kulifanya. Jambo hilo ndilo linalostahili kuchunguzwa, maana lilirudi tena na tena katika miaka miwili iliyofuata, kila mara katika sura nyingine.

NAMNA UGONJWA UNAVYOENEA

Kwanza yafaa kuufahamu ugonjwa wenyewe. Virusi vya Korona ni vidogo mno, hata haviwezi kuonekana kwa darubini ya kawaida ya hospitali. Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Ni lazima kiingie ndani ya chembe hai za mwili wa mtu, hasa za pua, koo na mapafu, na huko hujiongeza kwa maelfu. Kila kirusi kimevikwa ngozi nyembamba ya mafuta. Ndiyo sababu sabuni ya kawaida, hata ile ya kufulia ya mche, ni silaha njema juu yake: kama vile sabuni inavyoondoa mafuta katika sufuria, ndivyo inavyoivunja ile ngozi ya kirusi, nacho kikafa. Lakini sabuni yataka muda, wapata sekunde 20, na povu lifike katikati ya vidole.

Virusi hutoka pamoja na pumzi ya mgonjwa. Akikohoa hutoka vingi, lakini hutoka pia akisema, akiimba, au akicheka. Vingine huanguka karibu naye katika matone, na vingine huelea hewani kama moshi wa sigara, hasa katika chumba kisichopitisha upepo. Dalili huanza kuonekana baada ya siku 2 hadi 14, na mtu huweza kuwaambukiza wenzake kabla hajajihisi mgonjwa. Wengine, hasa vijana, huambukizwa na kupona bila kujua kuwa waliugua.

Katika miezi ya kwanza hata mabingwa hawakuyajua yote haya. Walidhani kwamba kushika vitu ndiyo njia kubwa ya kuambukizwa, na kwa hiyo masoko na vituo vya magari vilinyunyiziwa dawa na watu waliovaa nguo nyeupe kutoka kichwani hadi miguuni. Kazi hiyo ilionekana sana, ikapigwa picha sana, na faida yake ilikuwa ndogo. Mwezi Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema kuwa kunyunyiza dawa barabarani na sokoni hakufai. Baadaye ikathibitika kwamba njia kubwa ni hewa ya mahali palipofungwa. Kufungua dirisha hakugharimu senti moja, lakini habari ya dirisha ilihubiriwa mara chache kuliko habari ya dawa. Hata barakoa, ambazo Kenya ilizilazimisha mwanzoni mwa Aprili, Shirika hilo halikuwashauri watu wote wazivae mpaka tarehe 5 Juni.

Mabadiliko hayo ya mafundisho yaliwatia watu wengi mashaka. Mwanachama wa kikundi cha akina mama, aliyeambiwa Machi kwamba barakoa ni ya mgonjwa na muuguzi peke yao, kisha Aprili akaambiwa kwamba asipoivaa atatozwa faini, alikuwa na haki ya kuuliza. Ingalikuwa bora kama angaliambiwa tangu mwanzo kuwa ugonjwa ni mpya, na kwamba shauri laweza kubadilika kadiri ujuzi unavyoongezeka.

UVUMI

Pale ambapo swali halikupata jibu, uvumi ulilijibu. Ulisemwa uvumi kwamba Mwafrika hapatwi na Korona, na kwamba jua kali huiua. Mwezi Machi ukaenea mwingine wa ajabu: kwamba mtoto mchanga amezaliwa akanena, akaagiza watu wanywe chai ya rangi isiyo na sukari kabla ya mapambazuko. Simu zililia usiku wa manane, jamaa wakiamshana waweke birika motoni. Chai haikumdhuru mtu, na walioinywa hawakuwa wajinga kuliko wengine. Wengi walisema wenyewe kwamba hawakuamini, ila waliona haidhuru kujaribu. Mtu akiogopa na asipate la kufanya, hufanya lo lote lililo karibu naye.

Uvumi haukutoka kwa wanakijiji peke yao. Mwezi Aprili 2020 gavana wa Nairobi wa wakati ule alitangaza kuwa chupa ndogo za konyaki zitatiwa katika chakula cha msaada, akidhani kwamba kileo huua virusi kooni. Kileo cha kunywa hakiwezi kazi hiyo. Kinachofaa mikononi ni dawa yenye kiasi cha asilimia 60 au zaidi ya alkoholi, nayo hainywewi.

Juu ya kujifukiza, yaani kuinamia sufuria ya maji ya moto yenye majani ya mwarobaini au mkaratusi huku mtu amejifunika blanketi, lazima kusema kwa uangalifu. Desturi hii ni ya zamani katika Afrika ya Mashariki, na mtu mwenye mafua huona nafuu kwa sababu mvuke hulegeza kamasi. Lakini haiui virusi vilivyomo mwilini. Hatari yake ilikuwa katika kuchelewa: mzee ashindwaye kupumua, akifukizwa siku nne nyumbani, alifika hospitali wakati umekwisha kupita. Tena maji ya moto yamewaunguza watoto wengi.

MTUNGI WA MAJI

Shauri la kunawa mikono mara nyingi ni jepesi mahali penye bomba. Katika chumba kimoja cha Mathare au Kibera maji hununuliwa kwa mtungi wa plastiki wa lita 20. Hesabu yake si ngumu. Jamaa ya watu watano, kila mmoja akinawa mara sita kwa siku kwa nusu lita ya maji, hutumia lita 15, yaani robo tatu ya mtungi, kabla ya kupika, kufua wala kuoga. Mama aliyewazuia watoto wasicheze na maji hakuwa amepuuza afya. Alikuwa akilinda maji ya ugali. Na kufika kwenye maji kwenyewe kulimtaka asimame katika foleni pamoja na majirani ambao ameambiwa asiwakaribie.

Dawa ya shida hii ilikuwapo, wala haikutoka mbali. Vibuyu chirizi vilikuwa vimefundishwa katika shule nyingi za mashambani miaka mingi kabla ya Korona. Hutwaliwa mtungi mdogo wa lita tano, ukatobolewa tundu dogo kwa msumari karibu na mdomo, kisha ukatundikwa kwa kamba katika kijiti kilicholazwa juu ya nguzo mbili. Kamba nyingine hufungwa shingoni mwa mtungi, na ncha yake ikafungwa katika kijiti kilichoko chini. Mtu akikanyaga kijiti kwa mguu, mtungi huinama na maji huchirizika kidogo kidogo. Akiondoa mguu hukoma. Sabuni hutobolewa ikatundikwa kando, na kubatilishwa kopo lisipotee bure hufanywa paa dogo la kuikinga na mvua. Mkono haugusi kitu cho chote kilichoguswa na mwingine, na maji yatumikayo ni kidogo sana kuliko ya bomba au ya kata.

Mtoto wa miaka 9 wa Bungoma aliunda chombo cha namna hii kwa mbao na misumari, chenye kanyagio mbili, moja ya maji na moja ya sabuni, na mwezi Juni 2020 alipewa tuzo na Rais. Vituoni, madukani na makanisani palitokea ndoo zenye bilula, na kwa muda wa miezi kadhaa abiria hakuweza kupanda matatu nyingi bila kunawa. Ni katika jambo hili la kunawa ambapo matendo yalifuata maarifa upesi kuliko mengine yote, na sababu yake yaonekana: pale ndoo ilipokuwa mlangoni na mwenye duka akaijaza, watu walinawa. Ndoo ilipokauka, waliacha.

BARAKOA

Neno barakoa lenyewe lina historia. Katika pwani ya Waswahili na huko Omani na Ghuba lilikuwa jina la kitambaa cha kufunikia uso walichovaa wanawake, kilichoacha macho tu. Vijana wengi wa bara hawakulijua kabisa. Mwaka 2020 neno hili la kale lilifufuka, likaenea toka Lamu hadi Busia kwa muda wa wiki chache, na leo hakuna mtoto wa shule asiyelijua.

Barakoa zilipolazimishwa hazikutosha. Kiwanda cha nguo cha Kaunti ya Kitui kilijipatia sifa kwa kuzishona kwa wingi, na mafundi cherehani wa mitaani nao wakashona kwa vipande vya kitenge. Barakoa ya kitambaa yenye tabaka mbili au tatu, iliyofuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani, hufaa kwa kiasi, ikiwa imefunika pua na mdomo pamoja. Adhabu ya kutoivaa mahali pa watu iliandikwa katika sheria: faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miezi sita.

Adhabu hiyo ilizaa desturi ambayo kila mtu aliiona. Barakoa ilikaa kidevuni, ikapandishwa puani askari alipoonekana, ikashuka tena alipopita. Ikawa kama leseni ya baisikeli ya zamani, kitu cha kumwonyesha askari. Kondakta aliivaa nje ya gari, ambako upepo ni mwingi, akaivua ndani ya gari lililofungwa madirisha, ambako ndiko iliko kazi yake. Hivyo watu walijifunza kwamba barakoa ni kinga ya kukamatwa, na somo la kuwa ni kinga ya ugonjwa likafifia. Kosa hili si la abiria peke yake.

Habari ya magari yafaa kutajwa kwa ufupi. Matatu ya watu 14 iliamriwa ichukue 8, nayo nauli ikapanda. Mtu wa kibarua aliyekuwa akipata mshahara mdogo kuliko kwanza alitakiwa alipe zaidi ili afike kazini. Wengi walitembea kwa miguu.

HOFU YA WATU NA MKONO WA SERIKALI

Kafyu ya usiku ilianza tarehe 27 Machi, 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyo hiyo ya kwanza, huko Likoni, watu waliotoka kazini Mombasa walisongamana wakingojea feri kabla ya saa moja kutimia. Askari waliwapiga kwa virungu na kuwatupia moshi wa kutoa machozi. Watu walikohoa, wakajifuta macho, wakakanyagana. Amri iliyokusudiwa kuwatenganisha watu ikawakusanya, na moshi ukawafanya wafanye yale yale ambayo ugonjwa huyataka ili uenee. Siku chache baadaye, katika mtaa wa Kiamaiko, Nairobi, mtoto wa miaka 13 aliyekuwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao alipigwa risasi akafa wakati askari walipokuwa wakisimamia kafyu.

Mambo haya yamo katika somo la afya, wala si habari za pembeni. Mtu aliyemwona askari akimpiga jirani yake hatamwendea afisa wa afya kwa hiari ili amwambie kuwa anakohoa, kwa maana machoni pake wote wawili ni Serikali.

Ndivyo ilivyotokea juu ya karantini. Hapo mwanzo aliyetoka ng'ambo au aliyekuwa karibu na mgonjwa alipelekwa katika hoteli, chuo au bweni akae siku 14 au zaidi, naye akadaiwa gharama za kukaa kwake. Wengine walikaa muda mrefu kwa sababu hawakuweza kulipa. Habari hiyo ilienea upesi kuliko tangazo lo lote la redio. Kupimwa kukawa ni kujitafutia deni, na watu wakakwepa vipimo. Mwezi Mei Serikali ilikubali kubeba gharama hizo, na mwezi Juni ikaruhusu wagonjwa wasio na dalili kubwa watunzwe nyumbani. Ruhusa hiyo ilifaa, lakini ilihitaji chumba cha peke yake kwa mgonjwa, na chumba hicho wengi hawana.

Aibu nayo ilifanya kazi yake. Watu wa kwanza waliopona walipoonyeshwa katika televisheni ili kuwatia wananchi moyo, walidhihakiwa na kuambiwa kuwa ni waongo waliolipwa. Waliokuwa wagonjwa baada yao waliona, wakanyamaza. Katika ule uchunguzi wa mwezi Machi, ni watu 26 tu katika 100 waliosema wangehofu kuwaambukiza wengine kama wangeugua. Hofu ya kupoteza riziki ilitajwa na wengi zaidi kuliko hao.

Na huko Siaya, mwezi Aprili, marehemu mmoja alizikwa usiku na maafisa waliojifunika nguo za kinga, bila jeneza, na bila desturi za jamaa yake. Kwa Wajaluo, kama kwa watu wengine wengi wa nchi hii, maziko ni deni ambalo walio hai humlipa aliyekufa. Picha zilisambaa, na uchungu ulikuwa mkubwa. Hata kwa elimu ya wakati ule haraka hiyo haikuhitajika: maiti hapumui wala hakohoi, na akishughulikiwa kwa glovu na usafi hatari yake ni ndogo. Hatari iko kwa waombolezaji wanaosongamana chini ya hema moja na kula pamoja. Amri ya watu wasiozidi 15 mazikoni ilikuwa na sababu njema, lakini baada ya mambo ya Siaya watu wengi hawakutaka kuisikia sababu.

KWA NINI WENGINE WALISEMA HAUPO

Kufikia katikati ya mwaka 2020 usemi uliosikika sana ulikuwa huu: Korona haipo, ni biashara ya wakubwa. Ni rahisi kuucheka usemi huo. Lakini tazama hesabu. Kati ya tarehe 30 Aprili na 16 Juni, watafiti wa Kilifi walipima damu 3,098 za watu waliojitolea damu sehemu mbalimbali za Kenya, wakitafuta alama ambazo mwili huziacha ukisha kupambana na virusi hivi. Waliona kuwa watu kama 4 katika kila 100 walikuwa wamekwisha kuambukizwa, na huko Mombasa 8 katika kila 100. Mwanzoni mwa mwezi huo wa Juni wagonjwa waliotangazwa katika nchi nzima walikuwa kama 2,000 tu.

Maana yake ni kwamba mamia ya maelfu ya watu walikuwa wameipata Korona bila kujua. Watu wengi wa Kenya ni vijana, na ugonjwa huu huwaonea zaidi wazee. Mtu wa Kisauni au Kayole aliyetazama huku na huku asimwone mgonjwa hata mmoja, alisema alichokiona. Hakudanganya, na macho yake hayakuwa mabovu. Alikosa kitu kimoja tu, nacho ni mtu wa kumweleza kwamba ugonjwa waweza kupita katika nyumba kumi bila kumlaza mtu, kisha katika nyumba ya kumi na moja ukamwua babu. Matangazo ya kila siku yalimpa idadi ya waliopatikana na waliokufa, na hayakumpa maelezo hayo.

Wazee wa zamani walikuwa na kumbukumbu nyingine kabisa. Homa ya mafua ya mwaka 1918 iliingia kwa meli Mombasa, ikapanda bara kwa reli, na inakadiriwa kuwa iliua watu wapatao 150,000 katika nchi hii. Wakikuyu waliiita Kimiri, na riika lililotahiriwa wakati ule likapewa jina hilo. Ugonjwa ule uliwaua vijana wenye nguvu, na hapakuwa na aliyeuliza kama upo.

Ng'ambo ya mpaka mambo yalikuwa tofauti tena. Tanganyika na Zanzibar, yaani Tanzania, iliacha kutoa hesabu za wagonjwa baada ya mwisho wa Aprili 2020, na tarehe 16 Mei Kenya ilifunga mpaka wake nayo, isipokuwa kwa magari ya mizigo. Madereva walipanga foleni ndefu Namanga wakingojea vipimo. Dereva mmoja aliweza kulala katika nchi ambayo ugonjwa umetangazwa kwisha, na asubuhi akaingia katika nchi yenye kafyu, hali pumzi yake ni ile ile. Mwaka 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Tanzania ilibadili mwendo, na mwezi Julai ikaanza kutoa chanjo.

CHANJO

Chanjo za kwanza za Kenya, dozi 1,020,000, zilifika Nairobi tarehe 3 Machi, 2021. Maneno mengi yalisemwa juu yake: kwamba inazuia uzazi, kwamba inagandisha damu, kwamba Waafrika wanajaribiwa. La uzazi halikuwa na msingi. La damu lilikuwa na ukweli mdogo ndani yake: chanjo ile ya AstraZeneca iliwahi kusababisha damu kuganda kwa watu wachache sana, na hatari hiyo kwa mtu mzima ilikuwa ndogo kuliko hatari ya Korona yenyewe. Waganga waliolieleza jambo hili waziwazi walisikilizwa kuliko wale waliosema kuwa hakuna lo lote la kuogopa.

Mambo yakageuka kwa namna isiyotazamiwa. Wimbi la Machi na Aprili 2021 lilijaza hospitali, watu wakazika jamaa zao, na waliokuwa wakisitasita wakaanza kwenda vituoni. Wakati huo huo India, ambako chanjo zile zilitengenezwa, ilizuia zisitoke nje kwa sababu watu wake wenyewe walikuwa wakifa kwa wingi. Waliopata dozi ya kwanza waliambiwa wangoje zaidi kupata ya pili. Mzee aliyepanda matatu kutoka kijijini, baada ya kushawishiwa na wanawe kwa miezi miwili, akafika na kuambiwa chanjo imekwisha, hakurudi kwa urahisi wakati ilipopatikana. Katika vitabu vya hesabu mzee huyo aliandikwa pamoja na wale wasiotaka chanjo.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba, 2021, na amri ya barakoa tarehe 11 Machi, 2022. Waliotangazwa kufa kwa Korona nchini ni zaidi ya 5,600, nao wako waliokufa majumbani bila kupimwa. Tarehe 5 Mei, 2023, Shirika la Afya Duniani lilisema kuwa hali ya hatari ya ulimwengu imekwisha, ijapokuwa virusi vyenyewe bado vipo.

Mwezi Julai 2024, katika kituo cha mpaka cha Taveta, alipatikana mgonjwa wa kwanza wa Mpox nchini Kenya, naye alikuwa msafiri wa safari ndefu. Ugonjwa huu haufanani na Korona. Huenea zaidi kwa kugusana ngozi na ngozi, kulala pamoja, na kutumia nguo au matandiko ya mgonjwa mwenye vipele. Barakoa kidevuni au puani si kinga yake kubwa, na mtu aliyejifunza mwaka 2020 kwamba kila ugonjwa mpya ni barakoa na kafyu, itambidi aanze somo upya. Shuka za mgonjwa zahitaji kufuliwa kwa maji ya moto na sabuni, peke yake, na kwa kazi hiyo nyumba ya watu watano yahitaji mtungi mwingine wa maji.